Makabidhiano ya ofisi yahusu watu pia, si funguo na viti pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa taasisi, wamiliki wa viwanda na wote wenye mamlaka ya kumpa mtu cheo kwa mara ya kwanza, hususan hapa Dodoma na mikoa jirani, ambako tangu Serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 ofisi zimeongezeka, na vijana wengi wamejikuta wakuu wa vitengo mapema kuliko walivyotarajia. Hoja yangu ni moja. Tunapomkabidhi mtu ofisi, tunamkabidhi mali na nyaraka kwa uangalifu mkubwa, lakini watu atakaowaongoza hatumkabidhi. Naamini kwa dhati kwamba wakuu wapya wengi wanaosemwa kuwa hawakuwa na uwezo walianza kukwama hapo, kabla hata hawajaitisha kikao cha kwanza.

Nimefanya kazi ya uofisa utumishi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na nimeshuhudia makabidhiano mengi. Utaratibu wake unafahamika. Anayeondoka na anayeingia hukaa mezani pamoja na shahidi, hufungua orodha ya mali, kisha kazi ya kuhesabu huanza: kompyuta na namba zake, kabati la chuma lenye droo nne, mhuri, funguo za gari na kitabu cha safari, vitabu vya stakabadhi, majalada yaliyopo masijala na yale yaliyoazimwa. Kiti kilichovunjika mguu huandikwa kwamba kimevunjika mguu. Nimewahi kuona shughuli hiyo ikisimama kwa muda mrefu kwa sababu kalkuleta moja haikuonekana. Mwishoni kila mmoja hutia saini, nakala hupelekwa zinakostahili, na mkuu mpya huachwa na watumishi ambao hakuna karatasi hata moja inayomweleza habari zao.

Watumishi hao wana mambo yao. Mmoja anasubiri kupandishwa daraja, na mkuu aliyeondoka alimwahidi mbele ya wenzake kwamba jina lake limekwishapelekwa. Mwingine amebadilishiwa kada lakini mshahara wake haujarekebishwa. Wawili hawasemezani tangu ugomvi wa posho ya safari, na mkuu wa zamani alikuwa akiwapangia kazi zisizowakutanisha bila kumweleza mtu sababu. Yupo aliye katika kipindi cha majaribio, na maoni ya kumthibitisha kazini yanatakiwa yatoke kwa mkuu huyu mgeni ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi. Yupo pia mama aliyeruhusiwa kwa mdomo tu kuondoka saa nane mchana ili amchukue shuleni mtoto wake mwenye ulemavu, naye hufidia kwa kufika mapema asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa. Wiki ya pili mkuu mpya anamwandikia mama huyo barua ya kujieleza kwa kosa la kuondoka kazini bila ruhusa. Ofisi nzima inajua sababu isipokuwa aliyeandika barua. Kuanzia siku hiyo watumishi wanamwona mtu mgumu asiye na huruma, na yeye anawaona watu wanaomficha mambo, na jambo la kusikitisha ni kwamba kila upande una ushahidi wake.

Barua hiyo ya kujieleza yataka maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayovuruga wakuu wapya wengi kuliko kitu kingine nilichopata kukiona. Mtu aliyepewa cheo bila kufundishwa namna ya kuongea na watu huiona barua kuwa ndiyo mamlaka yenyewe. Hali ilivyo, barua ya kujieleza ni hatua ya kinidhamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na utumishi wa umma nao una kanuni zake za nidhamu. Ndani ya taratibu hizo barua ina kazi maalumu, kwa sababu huingia katika jalada la mtumishi na kukaa humo miaka yote. Nimesoma majalada ambamo mtu mmoja alipewa barua kadhaa ndani ya robo mwaka na mkuu wake hakuwahi kumwita hata mara moja akamwuliza, “Ndugu, kuna nini?” Mkuu wa aina hiyo akija kutaka hatua kubwa zichukuliwe, hushangaa kuambiwa kwamba shauri lake halina miguu. Hakuna aliyemweleza siku ya kwanza kwamba mazungumzo hutangulia na barua hufuata, tena hufuata pale tu mazungumzo yaliposhindikana.

Ugumu huongezeka pale kijana anapowekwa juu ya watu wazima. Katika ofisi zetu ni jambo la kawaida sasa kumkuta mkuu wa kitengo mwenye umri wa miaka thelathini na kitu akisimamia wazee waliobakiza miaka michache kustaafu, ambao walikuwa kazini yeye akiwa bado shule ya msingi. Wapo vijana wanaodhani kwamba wakimwamkia mzee watakuwa wameshusha cheo, hivyo huingia ofisini kimya au husalimia kwa jumla, na mzee huyo huanza kutekeleza maagizo kwa mwendo wake mwenyewe. Wapo wengine wanaoheshimu kupita kiasi hata wakashindwa kabisa kumwambia mzee kwamba kazi yake haijafika. Yote mawili ni makosa, na yote mawili hutokana na kijana kuachwa peke yake.

Nilimshuhudia kijana mmoja aliyelipata jambo hili vizuri, siku ambayo nilikuwa katika ofisi yao nikikusanya ratiba za likizo. Hakumwita mzee chumbani kwake, alimfuata mezani. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Hujambo?” “Sijambo, mzee wangu. Nimekuja kwa sababu orodha ya wazabuni bado haijanifikia, na mimi ndiye ninayeulizwa huko juu. Naomba unionyeshe ilipokwama.” Mzee alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu kazi hiyo ihamie katika NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, hakuna aliyemkalisha akamwelekeza, na kwamba hata nywila yake huwekewa na kijana wa mafunzo kwa vitendo ambaye siku hizo alikuwa amerudi chuoni. Kijana alivuta kiti akaketi. Sikusikia yote yaliyofuata, lakini najua kwamba orodha ile iliingia kabla ya wiki kwisha, na kwamba mzee yule alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa mkuu wake katika vikao. Heshima ya umri ilitolewa, kazi ikadaiwa, na chanzo cha kuchelewa kikajulikana bila kalamu kugusa karatasi.

Mfumo huo wa ununuzi ulianza kutumika mwaka 2023, na mwaka huohuo utumishi wa umma uliachana na OPRAS, utaratibu wa zamani wa kupima utendaji kwa fomu, ukahamia PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji. Naitaja PEPMIS kwa sababu mkuu mpya mara nyingi hufundishwa mahali pa kubofya, lakini hafundishwi kwamba alama anazowapa watumishi zinapaswa kutokana na mambo waliyozungumza mwaka mzima. Wakati wa fomu za OPRAS niliona idara nzima ikijaza na kusainiwa siku moja mwishoni mwa Juni, na watu wakipewa alama zinazofanana ili pasitokee manung’uniko. Kompyuta haiwezi kuponya tabia hiyo kama anayeidhinisha hana mazoea ya kuketi na kila mtumishi wake, hata kwa robo saa, akamwuliza kazi inakwendaje na nini kinamkwamisha.

Sekta binafsi nayo ina shida hiyohiyo, ingawa sura yake ni nyingine. Katika ukanda wetu huu wa alizeti, mwendesha mashine hodari wa kukamua mafuta ndiye hupandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Nilikaribishwa katika kiwanda kimoja mkoani Singida baada ya mwenye kiwanda kulalamika kwamba msimamizi wake mpya “amebadilika”. Nilichokiona ni kijana aliyekuwa anaisikia mashine kwa sikio. Mlio ukibadilika kidogo tu, kabla mwendeshaji hajanyanyua mkono, yeye alikuwa amekwishafika, amemsogeza mwenzake pembeni kwa bega na kuanza kurekebisha mwenyewe, mikono ikiwa imejaa mafuta na mashudu. Mashine ilitengemaa, lakini upande wa pili wa banda magunia yalikuwa yanapokelewa bila kupimwa unyevu, vibarua wawili walikuwa wamekaa hawajui wafanye nini, na daftari la zamu lilikuwa tupu tangu asubuhi. Yule aliyesogezwa kwa bega alikuwa ameshajifunza kwamba mlio wa mashine haumhusu.

Kijana yule hakuwa mvivu wala mwenye majivuno. Alikuwa akiifanya kwa bidii kazi aliyoijua, kwa kuwa ile mpya hakuna aliyemweleza. Siku alipopandishwa alipewa koti jipya na nyongeza ya mshahara, akaambiwa “simamia”. Mwenye kiwanda alikubali tufanye jambo dogo. Kwa wiki chache msimamizi asiguse mashine hata moja isipokuwa pana hatari. Asimame nyuma ya mwendeshaji, amwulize anasikia nini, amwache ajaribu, na kila jioni mwenye kiwanda amwulize swali moja kuhusu watu kabla ya kumwuliza kuhusu madumu ya mafuta. Ilikuwa kazi ngumu kwa wote wawili, na mwenye kiwanda alikiri kwamba siku za mwanzo mafuta yalipungua. Wengi hukata tamaa katika siku hizo na kumrudisha kijana kwenye mashine, kisha husema hakufaa uongozi.

Nieleze kidogo pia habari za shule na vituo vya afya, kwa sababu huko mkuu mpya hutwishwa fedha za umma pamoja na watu kwa mara moja. Tangu mwaka 2016 ruzuku ya uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule, na mwaka huohuo Serikali ilianza kuwalipa posho ya madaraka walimu wakuu, Sh200,000 kwa mwezi, na wakuu wa shule za sekondari, Sh250,000. Vituo vya afya na zahanati navyo vilianza kupelekewa fedha moja kwa moja katika mwaka wa fedha 2017/18. Ni hatua nzuri ambazo nazipongeza. Hata hivyo zina maana kwamba tabibu ambaye juzi alikuwa akiwatazama wagonjwa tu, leo ni mganga mfawidhi anayesaini hundi, anayeitisha kamati ya usimamizi wa kituo, anayeagiza dawa, na anayepanga nani alale zamu sikukuu ya Idi na nani sikukuu ya Krismasi. Hilo la zamu za sikukuu, niaminini, limewagombanisha watumishi wengi kuliko hundi zote. Walimu wana wakala wao wa mafunzo ya uongozi, ADEM, kule Bagamoyo. Halmashauri zina Chuo cha Serikali za Mitaa hapa kwetu Hombolo. Na utumishi wa umma kwa jumla una chuo chake chenye kampasi hata Singida. Vyuo tunavyo, na mafunzo yake ni mazuri. Upungufu ni kwamba wengi niliowafahamu walipata nafasi ya kwenda darasani baada ya kukaa ofisini muda mrefu, wakati makosa ya mwanzo yamekwishageuka uadui. Tena siku tano za semina haziwezi kumwambia mtu kwamba mtumishi wake wa tatu na wa saba hawasemezani.

Anayeweza kumwambia hayo ni mkubwa wake, na lawama yangu kubwa ipo hapo. Mkurugenzi au mkuu wa idara anayemteua mtu anadhani kazi yake imekwisha barua ya uteuzi inapotoka. Kinachofuata nimekiona mara nyingi mno: mtumishi asiyeridhika na mkuu wake mpya anapanda ngazi kwenda kwa mkubwa, mlango anaukuta wazi, anasikilizwa, na jambo linaamuliwa hapohapo kwa simu. Mkuu mpya anapata habari kutoka kwa mhudumu. Huenda mkubwa yule alikuwa na nia njema na pengine hata uamuzi wake ulikuwa sahihi, lakini kuanzia siku hiyo kila mtu anajua kwamba mkuu mpya anaweza kurukwa. Sentensi moja tu ingetosha: “Umeshazungumza na mkuu wako? Anza kwake, kisha mje wote wawili.” Natofautisha hapa malalamiko ya rushwa, unyanyasaji wa kijinsia na mengine ya uzito huo, ambayo mtumishi ana haki ya kuyapeleka moja kwa moja panapohusika.

Sawa na hilo ni kumwacha mtu akikaimu bila mwisho. Taratibu za utumishi wa umma hazitaki mtu akaimu zaidi ya miezi sita, na sababu yake inaonekana ofisini kila siku. Kaimu hathubutu kupanga likizo za mwakani, hathubutu kumkemea anayeweza kuwa mkubwa wake mwezi ujao, na watumishi nao wanamngoja “mwenyewe aje”. Kumpima mtu katika hali hiyo na kuhitimisha kwamba hawezi kuongoza ni kumwonea.

Ninachopendekeza ni chepesi na hakihitaji fungu katika bajeti. Hati ya makabidhiano iongezwe ukurasa mmoja wa watumishi. Uandikwe na mkuu anayeondoka pamoja na ofisa utumishi, na uonyeshe kwa kila mtumishi kazi anayoifanya sasa, hatua aliyofikia katika kuthibitishwa au kupandishwa daraja, likizo anayodai, madai ambayo hayajalipwa, mashauri ambayo hayajafungwa, na ahadi au ruhusa yoyote aliyopewa, hata kama ilikuwa ya mdomo. Baada ya hapo mkubwa wa wote wawili awe na kikao nao, saa mbili tu, mkuu mpya aulize na wa zamani ajibu. Ndani ya mwezi wa kwanza mkuu mpya akutane na kila mtumishi peke yake. Kwa miezi sita ya mwanzo awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, mkuu mzoefu wa idara nyingine ambaye si mkubwa wake wa kazi, ambaye anaweza kumpigia simu jioni na kumwuliza jambo bila kuogopa kwamba swali hilo litaonekana katika tathmini yake.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu nimelisikia kwa wenzangu: kwamba anayeondoka atautumia ukurasa huo kulipiza kisasi, na mkuu mpya ataingia akiwa na chuki za kuazima. Ni hofu ya kweli. Ndiyo maana nasema ofisa utumishi awepo na mambo yanayoandikwa yawe yale yanayoweza kuthibitishwa kwa jalada au kwa mhusika mwenyewe. Maneno kama “mvivu”, “mjeuri” au “si mtu wa kuaminika” yasiruhusiwe, na habari za afya ya mtumishi zisiandikwe kabisa. Kama ni lazima zijulikane, mwenyewe ndiye azieleze. Kila mtumishi aruhusiwe kuusoma mstari unaomhusu na kuukubali au kuupinga kabla haujasainiwa. Pale ambapo mkuu wa zamani ametenguliwa ghafla au amefariki, ofisa utumishi na msaidizi aliyekuwepo waandae ukurasa huo kwa kutumia majalada, maana ofisi ya aina hiyo ndiyo yenye uhitaji mkubwa zaidi.

Kila mwaka wa fedha mpya unapoanza Julai, barua za uteuzi na uhamisho huwa nyingi katika halmashauri zetu. Ombi langu kwa wakurugenzi wa mikoa ya Dodoma na Singida ni kwamba safari ijayo hati ya makabidhiano isipokelewe masijala ikiwa haina ukurasa wa watumishi, kama ambavyo haipokelewi leo ikikosa orodha ya mali.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Ofisa Utumishi Mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.